Breki, Pinda, Polepole

3 Februari

Mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi, mbele ya mtu aliyekwama na neno, ni kumpa hilo neno. Wanalifanya kwa huruma. Mgonjwa anasema, "Naomba... naomba..." na kabla hajamaliza ameshaletewa maji, dawa na mto, na dirisha limefunguliwa. Kumbe alitaka miwani. Kesho yake haombi tena kitu, maana ameona kwamba kuomba ni kuzua vurugu. Ukitoka na jambo moja tu katika hayo mazoezi ya vitendo, liwe hili: kaa, mtazame, ngoja.

Baba yako ndiye aliyeniambia umepangiwa wodi ya waliopata kiharusi. Alifurahi, ingawa mpaka leo hajaelewa unasomea nini. Ameniuliza, "Sasa dada, akimaliza atakuwa daktari au mwalimu?" Mjomba wako yeye anatangaza kila mahali kwamba umeenda chuo kujifunza kusemesha kasuku.

Wakikuuliza tena, waeleze hivi. Kuna mtu anaona kikombe, anajua ni kikombe, anajua hata nani alikivunja mkono, lakini jina lake limefungiwa ndani na ufunguo haonekani. Tunautafuta pamoja naye. Kuna mwingine ambaye maneno anayo tele, ila maji yakishuka kooni yanapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Huyo tunamfundisha kumeza upya. Yupo mtoto wa miaka minne ambaye hajasema hata "mama", na kabla ya yote tunauliza kama anasikia. Wengine wetu wako hospitalini, wengine mashuleni, wengine wanazunguka majumbani na mkoba wenye kioo na vijiti vya kukandamizia ulimi. Kasuku sijawahi kupangiwa, ila ningempokea.

Niandikie. Najua simu hupendi kupokea, nami sikulazimishi. Nimezeeka; herufi nazielewa upesi kuliko sauti.

Shangazi yako

*

16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimewaonyesha wenzangu barua yako, na sasa mmoja wao ananiuliza kila asubuhi kama kasuku wangu amefika.

Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kina meza, viti vitatu, kioo, na ukuta mwembamba. Upande wa pili wanafanyisha mazoezi ya viungo, kwa hiyo mgonjwa wangu akitafuta neno, tunasikia mwenzake akihesabiwa hatua. Msimamizi wetu huketi pembeni na kusema machache sana. Wanafunzi wanamwita Bi Kimya. Mimi namwita Madamu.

Nimepewa mgonjwa wa peke yangu. Ni mwalimu wa udereva. Amekaa miaka mingi kwenye kiti cha pembeni akiokolewa na Mungu na breki. Kiharusi kilimpata akiwa anatia saini cheti cha mwanafunzi. Mkono umelegea, mguu unarudi, anaelewa kila anachoambiwa, na maneno ndiyo yamegoma. Mwenye shule ya udereva ni mtu muungwana. Amesema mwisho wa Aprili atamweka garini na mwanafunzi. Akiweza kumwelekeza, kiti chake kipo. Asipoweza, atampa mtu mwingine.

Kwa hiyo nimemtengenezea kadi za picha za kazi yake: simama, taratibu, kata kona, egesha. Nasema neno, anarudia, tunaonyesha picha, anajaribu peke yake. Mambo ya nyumbani yanamjia. Chai anaomba, salamu anaitikia. Lakini hizi za kazi hazishiki. Akifika kwenye "egesha" ananitazama kama nimemtukana. Jana aliipiga kadi kwa kiganja ikaanguka chini ya meza. Nangoja kama ulivyosema. Nangoja mpaka upande wa pili wa ukuta wamefika hatua ya hamsini.

Wenzangu wamenipa jina: Kamusi. Wanasema kila jambo nina neno la akiba. Nadhani ni sifa.

Mwanao

*

22 Februari

Mwanangu Kamusi,

Jina limekukaa. Nimecheka peke yangu jikoni.

Sasa kuhusu mwalimu. Kungoja ni vizuri, lakini huwezi kungoja basi mahali lisipopita. Maneno ni kama njia za miguu shambani: iliyokanyagwa kila siku haioti majani upesi, hata nyumba ikihamwa. Mtu aliyepata kiharusi anaweza asikumbuke jina la mtaa wake, na hapohapo akatoa tusi lililonyooka, maana tusi amelikanyaga maisha yote. Niliwahi kuwa na mgonjwa mcha Mungu aliyepoteza kila kitu isipokuwa neno moja ambalo familia yake haikujua kwamba analijua.

"Egesha" ni neno zuri. Limeandikwa kwenye vibao. Lakini sijawahi kumsikia mwalimu wa udereva akimwambia mtu "egesha", na "kata kona" yenyewe nina mashaka nayo. Hilo ni kosa la msomi, na wewe ni msomi, kwa hiyo usilie. Muulize mkewe alikuwa akisema nini akiwa kazini. Chukua maneno yake mwenyewe, hata kama si mazuri, uyaweke kwenye kadi. Utaona.

Niambie pia unakula saa ngapi. Mwandiko wako umekonda.

Shangazi yako

*

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakula, usiwe na wasiwasi.

Nilimuuliza mkewe. Ni mama mcheshi, anashona vitambaa vya viti na huja na sindano imechomekwa kwenye ukosi. Alisema, "Mwanangu, huyu hata usingizini anafundisha. 'Breki. Breki, mama. Polepole. Pinda, pinda, usiogope. Haya, paki.' Mimi mwenyewe sijui kuendesha, lakini ningeamka ningepaki kitanda."

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na hili la kuniita 'mke wangu', mmemfundisha nyinyi?"

Nikasema ndiyo, ni rahisi kwake.

"Hajawahi kuniita hivyo tangu tuoane. Mimi kwake ni Bi Harusi. Nimezaa, Bi Harusi. Nimeng'oka meno mawili, Bi Harusi. Sasa akitaka chumvi ananiambia 'mke wangu' kama tuko mahakamani."

Mwalimu alikuwa akimsikiliza. Alitazama chini.

Shangazi, nadhani wodi hii hainifai. Kuna nafasi kitengo cha kupima usikivu. Kule kazi ni mashine zaidi, unamvalisha mtu vidude vya masikioni na kusoma mistari. Katikati ya Aprili Madamu atakaa kunipima nikiongoza kipindi na mwalimu, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, na wenzangu watakuwepo. Madamu aliwahi kuwa mwanafunzi wako. Ungemwandikia kwamba nihamishwe kabla ya hapo. Sababu weka yoyote. Sema mimi na mgonjwa hatujaelewana.

Kadi bado sijazibadilisha.

Mwanao

*

13 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara moja asubuhi na mara nyingine baada ya chakula. Kisha nikaandika yale maneno ya mama mwenye sindano nyuma ya bahasha, nikasimama mbele ya kioo na kuyasema moja moja, kama tulivyozoea kazini. Breki. Polepole. Pinda. Paki. Bi Harusi. Yote yanaanza na p au b: midomo inafunga, pumzi inajazana nyuma yake, halafu inaachiwa kwa kishindo. Nikasema ya kwako. Simama, taratibu, kata kona, egesha, mke wangu. Hakuna hata moja la namna hiyo.

Ulipokuwa mdogo ulitumwa biskuti ukarudi na karanga. Mama yako akasema mtoto huyu mawazo yako mbali. Ulikuwa na kigugumizi wakati ule, sote tulikijua, na ulipoingia sekondari tukasema kimekwisha, tukashukuru. Nami nikashukuru pamoja nao. Kumbe hakikwisha, kilihamia ndani. Uligundua kwamba ukiliona neno linakuja unaweza kuruka ukatua kwenye jingine, na anayekusikiliza asione pengo. Ndiyo maana wanakuita Kamusi. Ndiyo maana msimamizi wako kwako ni Madamu wakati wenzako wote wanasema Bi Kimya.

Sikusemi kwa hilo. Ni kazi ya kuchosha kuliko kubeba saruji, na umeibeba kutwa nzima bila mtu kukupokea. Ila sasa huruki peke yako. Mwalimu hana neno la akiba. Alikuwa nayo machache, ya kwake, aliyoyakanyaga miaka na miaka, na hayo ndiyo uliyoyaondoa mezani, kwa sababu kumfundisha ni lazima uyaseme wewe kwanza.

Kwa hiyo Bi Kimya sitamwandikia. Ukihamia kwenye mashine, itafika siku utakayotakiwa kumwambia mtu "bonyeza".

Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja aliyekuwa na kigugumizi kisichofichika. Wagonjwa walikuwa wakiomba wapangiwe yeye, maana mtu anayekwama hakuharakishi. Hakuwa malaika, alikuwa akichelewa kazini na hakurudisha kitabu changu. Lakini alikuwa mtabibu mzuri. Anayepima kazi yetu anatazama kama mgonjwa amepata alichohitaji. Kukwama kwako si alama inayokatwa. Kumnyima maneno yake, ndiyo.

Badilisha zile kadi.

Shangazi yako

*

17 Machi

Shangazi,

Unajua jina la kila msuli wa uso wangu. Hujui kusimama dukani na foleni nyuma yako, mwenye duka anakuangalia mdomo, na mtu wa tatu anakusaidia neno ambalo silo, nawe unasema "ndiyo, hilohilo" na kulipia kitu usichokitaka. Hujui kwenye mahojiano ya kuingia chuoni nilitokwa na jasho mpaka kwenye soksi, na walipomaliza wakaniambia, "Unajieleza vizuri sana." Unafikiri nitawaambia sasa kwamba walikosea?

Umeniandika nyuma ya bahasha kama mgonjwa. Mimi si mgonjwa wako. Nilikuomba barua moja kwa mtu mmoja.

Kamusi

*

20 Machi

Mwanangu,

Ni kweli, sijui. Nimelisoma na kulifundisha, sijaliishi. Na bahasha ile samahani. Ni mazoea ya kazi, na mazoea ya kazi hayana adabu nyumbani.

Barua ile bado sitaiandika. Hasira yako naipokea, iache huku, wala usiharakishe kuja kuichukua.

Mwalimu anaendeleaje?

Shangazi yako

*

4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la swali lako. Mwalimu alikuwa haendelei. Alianza kukataa kuja. Mara miguu inauma, mara amelala. Mkewe akaniambia kwenye korido, na kiti cha magurudumu kitupu mbele yake, "Usimlaumu. Anasema, kwa ishara, kwamba amekuwa mjinga. Mimi namwambia hujawa mjinga. Ananijibu kwa kuonyesha hizo kadi zako."

Siku iliyofuata nilikwenda mwenyewe kitandani kwake nikamwomba aje mara moja tu. Niliziweka kadi mpya mezani. Madamu alikuwa wodi nyingine. Nilichagua saa hiyo makusudi, sitakudanganya. Nikainua picha ya mguu kwenye breki.

Midomo ikafunga. Pumzi ikajaa nyuma yake, kama ulivyoandika, na niliudhika kwamba uliandika sawasawa. "Simama" lilikuwa pale pale ulimini, limevaa viatu, tayari kutoka. Sikuruka. Nilibaki nimefunga midomo, shingo imekaza, upande wa pili wa ukuta wanahesabu hatua.

Mwalimu alinitazama. Nilitegemea anionee huruma, na nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Badala yake nikasikia kitu chini ya meza. Magari ya kufundishia yana breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Alikuwa anakanyaga ya kwake. Mguu ule wa kiharusi ulikuwa umekandamiza sakafu. Kisha akainua kiganja, vile nadhani anavyomtuliza mtu aliyezimisha gari katikati ya njia panda na honi zinapigwa nyuma, akaninyamazia.

Likatoka. B-b-breki. Baya, na mate kidogo.

Mwalimu akasema, "Polepole."

Shangazi, alilisema kama wewe unavyosema "karibu". Sikuwa nimemwonyesha hata picha yake. Nikamwonyesha, akalisema tena, akajisikia, akaanza kulia na kucheka pamoja. Nikamwambia kwamba mimi pia nakwama, tangu utotoni, kwenye p na kwenye b, na kwamba zile kadi za mwanzo niliziteua kwa ajili yangu, si yake. Nilikwama mara nyingi nikimwambia hilo. Alisikiliza lote. Halafu akanigusa kwenye paji la uso kwa kidole, kwa nguvu kiasi, kama anagonga mlango wa mtu aliyelala saa ya kazi. Nadhani lilikuwa karipio. Nadhani nililistahili.

Sasa anayo maneno matatu: polepole, pinda, breki. "Paki" inakuja na kuondoka. Mkewe alipoingia juzi alimkazia macho, akajaribu, "Bi... bi..." Tulingoja wote wawili. Sindano ya mama ilikuwa inatetemeka kwenye ukosi. "Bi... breki." Mama akajipangusa macho, akasema, "Haya, nalo nalipokea. Nani amekufungia breki zaidi yangu?" Bado hajalipata lile lenyewe. Tunaendelea kulitafuta. Mwisho wa Aprili uko karibu na sijui kama atawahi.

Mimi pia niko karibu. Kupimwa kwangu ni wiki ijayo, na Madamu bado hajui. Akinisikia siku ile mbele ya wote nikikwama, atadhani nimeogopa mtihani, au atadhani nimewadanganya tangu mwanzo, na hilo la pili lina ukweli. Kwa hiyo nimemwandikia. Nimeeleza yote: kigugumizi, kadi, majuma ambayo mwalimu aliyapoteza kwa ajili yangu. Naiambatanisha humu. Tafadhali isahihishe, uirudishe haraka, nitaipenyeza chini ya mlango wake kabla hajafika.

Mwanao

*

7 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua uliyomwandikia msimamizi wako. Haina kosa hata la nukta. Ni barua nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika, na sikurudishii.

Nieleze kwanza kabla hujakasirika, halafu ukasirike ukipenda. Kwenye karatasi wewe hukwami. Atakutana na kigugumizi kilichopigwa pasi na kukunjwa vizuri, atakielewa, huenda atakuhurumia, na atakujibu kwa karatasi nyingine. Mtapeana heshima kubwa. Kisha siku ya kupimwa ndipo atakisikia kwa mara ya kwanza, wenzako wamekaa mstari, na mwalimu wa udereva akiwa katikati yenu na kazi yake mwenyewe ya kufanya. Yule mzee anahitaji siku ile chumba chote kiwe chake. Usimpangie kazi ya kukukanyagia breki mara ya pili.

Kuna jambo tunalofundishwa mwaka wa kwanza, kabla hata ya mifupa ya koo: usimguse mgonjwa shingoni kabla hujamwambia unachotaka kufanya. Si kwa sababu atakataa. Ni kwa sababu akishajua, misuli hailindi tena kitu, na ndipo unapoweza kuisikia ilivyo. Msimamizi wako naye anastahili kuambiwa kabla. Akishajua, hatasikiliza kukwama kwako. Atasikiliza kama mwalimu anapata maneno yake.

Sina ahadi ya kukupa. Nilimfundisha, lakini hiyo ni zamani, na watu hubadilika wakipewa ofisi. Anaweza kukuuliza kwa nini ulimnyima mgonjwa maneno yake muda wote huo, na hilo ni swali la haki, nawe utalijibu bila kupamba. Anaweza kukurudisha nyuma muhula mmoja. Anaweza kukaa kimya tu, kama jina lake, na utalazimika kuuvumilia huo ukimya bila kuujaza. Ikiwa atakurudisha nyuma, utarudi nyuma, utasoma tena, na mwalimu atakuwa bado ana polepole, pinda na breki, ambayo hakuna wa kumnyang'anya.

Nawe utakuwa umesema. Hujawahi kumwambia mtu mzima jambo hili kwa sauti isipokuwa mmoja, naye alikuelewa akiwa hana maneno. Huyu wa pili anayo. Itakuwa ngumu zaidi, na itachukua muda mrefu, na midomo itafunga kwenye neno la kwanza kabisa. Iache ifunge.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda ofisini kwake, gonga mlango, umwambie kwa mdomo wako.

Shangazi yako